Kifungo cha Watoto

Wiki iliyopita mashine ya Mama ya kufulia nguo iliondoka nyumbani kwetu Ziwa la Ng'ombe juu ya mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ilikuwa imekufa zamani. Kwa miaka mingi ilikaa uani kama meza, juu yake ndoo, makopo ya mchicha na paka wa jirani. Mnunuzi aliufungua mlango wake wa mviringo ahakikishe hamna kitu ndani, na harufu ikatoka: mpira uliolowa na kukauka mara elfu, sabuni ya unga, na ule uvundo wa nguo zilizosahauliwa. Mimi mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikashika ukuta. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu. Hakuuliza nimekumbuka nini, alikuwa na haraka, basi nawasimulia ninyi.

Wa rika langu mtakumbuka kwamba enzi hizo, mtaani kwetu, kufua kulikuwa ni karai na mgongo. Mama alifulia watu nguo tangu sijazaliwa. Nilijua kuwa kumekucha kwa kusikia mikono yake ikisugua uani, kwichi, kwichi, kwichi, na nilijua kuwa siku imekuwa nzito kwa namna alivyoshindwa kufumba vidole akitaka kukata tonge la ugali. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki. Tulibaki wanne: Mama, ambaye majirani walimwita Bi Saumu; Bibi, mama yake; mimi Mishi, mwenye miaka minane; na mdogo wangu Mbwana, wa miaka minne, mtoto aliyekuwa na huruma hata kwa siafu.

Siku tatu kwa wiki Mama alikwenda kufua Nyali, kwa ajuza mmoja aliyeishi na wajukuu zake. Ajuza yule alipohama kwenda kukaa na bintiye ng'ambo, alimwambia Mama achukue mashine. Mama alidhani anataniwa. Alirudi nyumbani akakaa barazani bila kuvua buibui, akamwambia Bibi, "Mama, nimepewa mashine. Wallahi nimepewa." Kesho yake ikaja juu ya mkokoteni, imefungwa kamba kama mbuzi wa Idi, na waliousukuma ni mahamali wanne wa soko la Kongowea wakiongozwa na jirani yetu Baba Kadzo, mtu mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala. Watoto wote wa mtaa waliifuata nyuma wakiimba. Mimi na Mbwana hatukuimba. Sisi tulitembea mbele, kwa sababu ilikuwa yetu.

Iliwekwa chumba cha mbele, kile kinachotazama njia. Mama alijengewa kitako cha matofali nyuma ya nyumba, juu yake likawekwa tangi, na muuza maji akawa analijaza kwa mitungi kila asubuhi. Kila kitu kilikuwa tayari, ila mlango wa mashine haukukubali kufungwa. Mama aliusukuma kwa mkono, ukarudi. Akausukuma kwa goti, ukarudi. Bibi akausomea, ukarudi vilevile. Ikabidi aitwe Fundi Omari.

Fundi Omari alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kuzungumza maneno machache kana kwamba anayanunua. Nilichuchumaa kando yake nisipitwe na chochote. Alichungulia upande wa ndani wa mlango, akacheka kidogo, akatoa sarafu mfukoni. Palikuwa na kitu cha plastiki cha duara, kidogo kama kifungo cha koti, chenye mfereji katikati. Akaitia sarafu katika ule mfereji, akazungusha.

"Hiki ni kifungo cha watoto, Bi Saumu," alisema. "Yule bibi wa Nyali alikuwa amekiweka."

Akausukuma mlango. Tk! Ukashika. Mama alipiga vigelegele, na furaha ikafunika maneno yote.

Kisha fundi akalala kifudifudi, akafungua kijimlango kidogo kilichokuwa chini kabisa, karibu na sakafu. Alitoa chujio akamwonyesha Mama namna ya kulisafisha, na kando ya chujio akavuta kwa ncha ya kidole kamba fupi ya plastiki, nyekundu, nene kama utambi wa jiko la mafuta. "Stima ikikatika na nguo zimo ndani, mlango utakataa. Usishindane nao. Kwanza zima ukutani. Halafu njoo hapa, vuta kamba hii chini, usiivute kwa woga. Utafunguka." Mama aliitikia ndiyo, lakini macho yake yalikuwa juu kwenye vitufe. Aliyekuwa akitazama kamba ni mimi.

Nilikuwa na sababu yangu. Pembeni mwa mlango kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, na juu yake mchoro wa uso wa mtoto, kichwa cha duara na nywele tatu, na kando yake kufuli. Na nilikuwa nimemsikia fundi kwa masikio yangu akisema kifungo cha watoto. Neno kifungo nililijua vizuri. Kila jioni redio ya Bibi ilituambia habari za watu waliohukumiwa: fulani amepewa kifungo cha miezi sita, fulani kifungo cha miaka miwili. Kumbe na watoto wana kifungo chao, na kiko chumbani kwetu. Mtoto mkaidi hutiwa mle, mlango ukasema tk, akazungushwa mpaka atubu. Yule ajuza wa Nyali alikuwa na wajukuu wengi. Nikaona ndiyo maana alihitaji mashine. Na kamba nyekundu, nikaelewa, ni ya kumtolea mfungwa muda wake ukiisha.

Sikumuuliza mtu. Mtoto wa miaka minane haulizi jambo analolijua tayari. Nililichukua nikaenda nalo kwa Mbwana, kama wakubwa wanavyopelekeana habari.

"Unamwona huyu?" nilimwonyesha mchoro. "Yumo ndani. Alimkaidi mamake."

Mbwana aliweka pua kwenye kioo. "Simwoni."

"Yuko nyuma. Amejificha kwa haya."

"Anakula nini?"

"Wafungwa hawapewi kitu kitamu."

Akafikiri sana. "Jina lake nani?"

Nikamwambia sijui, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kwamba mtu amefungwa na hata jina lake halijulikani. Tangu siku ile kila akipita mbele ya mashine alikuwa anapunga mkono. Mama alidhani anajipungia mwenyewe kwenye kioo, akawa anacheka. Mimi nilijua anampungia nani, nami sikuona haja ya kumsahihisha. Ilinipa ukubwa fulani. Ukisema jambo na mtu akaliamini kiasi kile, unajiona umerefuka.

Miezi ikapita, kazi ikashamiri. Wateja walitoka Kisauni yote, kutoka Bamburi hadi Mwakirunge, wakileta mashuka ya nyumba za wageni, kanzu za maharusi na makoti ya kwaya. Vidole vya Mama vikaanza kufumba tena. Amri ilikuwa moja tu: sisi watoto tusiiguse mashine. Tuliruhusiwa kuitazama.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa alasiri, jua limekaza, na Mama alikuwa na mashuka ya haraka. Alitia sabuni kwenye kisanduku chake, akazungusha kile kitufe kikubwa, akabonyeza cha kuwashia, na kabla hajatia shuka hata moja, stima ikapotea. Feni ikazunguka ikichoka mpaka ikasimama. Mama akasonya. Alikuwa na kanzu zilizokwisha pigwa pasi za kupeleka Kongowea, akaona afadhali azipeleke wakati huo huo kuliko kukaa bure. Akaacha kila kitu kama kilivyo: kitufe kimebonyezwa, karai la mashuka sakafuni, mlango wa mashine wazi.

"Mishi, msaidie Bibi kuanua. Mtazame mwenzio."

"Abee, Mama."

Nilimtazama mwenzangu kwa muda. Alikuwa barazani na kipande cha hamri, andazi letu la nazi, hakili, amekishika tu. Nikamwacha nikaenda uani. Tulipojaza kapu la kwanza la nguo kavu, Bibi akaniambia nilipeleke chumba cha mbele. Bila taa chumba kile kilikuwa na kiza chepesi, na mimi nimebeba kapu linalonifika kidevuni. Mlango wa mashine ulikuwa umejitokeza njiani. Nikafanya kama nilivyomwona Mama akifanya mara mia: nikausukuma kwa nyonga. Tk. Nikaweka kapu juu ya meza, nikatoka. Sikutazama ndani. Nasema hivi hata leo nikiwa nimekaa kwenye kiti salama: sikutazama ndani.

Tulikuwa tunakunja shuka la pili, Bibi ameshika pembe mbili na mimi mbili, stima iliporudi. Mnakumbuka namna mtaa unavyofanya stima ikirudi. Watoto wote, nyumba zote, sauti moja: "Eeeeeh!" Redio ya jirani ikaamka katikati ya neno. Nikaachia pembe zangu za shuka nikakimbilia chumba cha mbele, kwa sababu mashine ya Mama ikiwaka peke yake nilipenda kuwahi ule mlio wa kwanza wa maji.

Maji yalikuwa yameanza. Na kwenye kioo palikuwa na uso.

Nitawaambia ukweli wa kile nilichofikiri kwanza. Sikufikiri kuhusu ndugu yangu. Nilifikiri: ametokea! Yule mtoto wa kifungo, aliyejificha miezi yote ile, leo ameamua kuonekana. Nilisimama nimeachama, karibu nifurahi. Kisha uso ule ukafungua mdomo na sauti haikutoka, na mkono ukapiga kioo, na katika mkono ule palikuwa na kipande cha hamri.

Nilipiga ukelele ambao Bibi alisema baadaye kuwa hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima wala kwa ng'ombe. Aliingia mbio, leso imemdondoka kichwani, akaona, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Subhanallah! Mbwana! Mbwana, mwanangu!" Akaukamata mlango akavuta. Haukwenda popote. Ndani, maji yalimfika Mbwana kwenye vifundo vya miguu, na povu limeanza kupanda kwenye goti lake.

Baba Kadzo alikuwa amelala kwake baada ya kazi za sokoni. Alikuja bila shati. "Ee Mulungu!" Alimsogeza Bibi kando, akashika mpini wa mlango kwa mikono yake ile iliyozoea magunia ya viazi, akaweka mguu ukutani, akavuta. Mpini ukasema kwaa, ukabaki mkononi mwake. Akautazama. Nilimwona mtu mwenye nguvu kuliko wote niliowajua akitazama kipande cha plastiki mkononi, na hapo ndipo hofu iliponiingia kwelikweli, kwa sababu niliona kuwa nguvu si kitu hapa.

"Leteni nyundo!" akanguruma, na mtu mlangoni akaileta, maana watu walikuwa wamekwisha jaa.

Kwanza zima ukutani. Sauti ya Fundi Omari ilinijia kichwani vilevile, ya upole, ya maneno machache. Swichi ilikuwa juu, nyuma ya meza. Nilipanda kigoda, nikapanda meza, nikakanyaga nguo safi za watu, nikazima. Mlio wa maji ukakatika. Lile pipa la ndani, lililokuwa limeanza kuyumba polepole, likatulia, na Mbwana akaanguka kwa makalio ndani ya povu.

Nikageuka. Nyundo ilikuwa juu.

"Usivunje!" nililia. "Baba Kadzo, usivunje! Kioo kitamwangukia! Kuna kamba!"

"Toka, mtoto!"

"Kuna kamba chini! Fundi alisema! Nimeiona!"

Watu wazima walikuwa wakipiga kelele zao, kila mtu na rai yake, na hakuna rai yenye urefu wa mtoto wa miaka minane. Lakini Bibi alikuwa akinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alirukia mkono wa Baba Kadzo, akaning'inia pale kama nguo kwenye kamba, na kama ilivyokuwa kawaida yake akishikwa na hofu, akarudi kwenye Kimvita cha utoto wake: "Muwate! Muwate mwana anene!"

Baba Kadzo akasimama. Waliniacha niseme, lakini mimi sikungoja kusema. Nililala kifudifudi sakafuni, nikapitisha kichwa katikati ya miguu ya watu, nikakifungua kile kijimlango cha chini. Nikatia mkono. Nilishika chujio, nikashika utelezi, nikashika kitu chenye manyoya ambacho hata leo sitaki kujua kilikuwa nini. Kisha nikaishika kamba. Nikavuta.

Hakuna kilichotokea.

Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Mnaona?" Nikahisi miguu ya Baba Kadzo ikisogea. Na nikakumbuka neno lile la fundi: usiivute kwa woga. Nilikuwa nimeivuta kwa woga. Nilikuwa nimeivuta kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hataki ifunguliwe, kwa kuwa ndani yake mna kosa langu. Nikaizungusha kamba kwenye vidole viwili, nikaweka paji la uso kwenye chuma baridi cha mashine, nikasema bismillahi, nikaivuta chini kwa uzito wangu wote.

Tk.

Mlango ukafunguka wenyewe. Maji yakanimwagikia kichwani, ya uvuguvugu, yenye povu, na nyuma ya maji akaja Mbwana, akaniangukia mgongoni. Alikuwa akikohoa. Alikuwa akilia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Bibi alimnyakua, Baba Kadzo akawanyakua wote wawili, na watu waliokuwa mlangoni wakapiga yowe la furaha kubwa kuliko la stima kurudi, mpaka walio njia ya pili wakaja kuuliza ni nani anaolewa.

Nilibaki sakafuni, nimelowa, kamba ingali imezunguka vidole vyangu. Mbwana, alipopata pumzi, alinitazama kutoka begani kwa Bibi. Bado alikuwa na kile kipande cha hamri, kimekuwa uji.

"Hayumo," aliniambia.

"Nani hayumo?" Bibi akauliza.

"Yule mtoto. Nimempelekea hamri. Nimemtafuta, hayumo."

Hakuna aliyeelewa ila mimi.

Mama alikutana na habari njiani, na habari za mtaani hazipungui zinapotembea. Zilimfikia zikisema ameshakufa mmoja, pengine wawili. Aliingia akikimbia, viatu kavipoteza, akamkuta Mbwana barazani amevalishwa shati la Baba Kadzo linalomfika miguuni, akinywa chai. Alimshika, akamnusa kichwa, akamhesabu vidole kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Majirani wote walikuwa wakimsimulia kwa pamoja: Mishi kafanya hivi, Mishi kalala chini, Mishi kavuta. Alininyooshea mkono. Mimi sikwenda.

"Ni mimi niliyemfungia," nilisema.

Majirani wakageuka kunitazama.

Nikamwambia yote mbele ya watu. Kwamba nilimdanganya kuwa ndani mna mtoto mfungwa, bila kujua kuwa ni uongo. Kwamba Mbwana aliingia kumpelekea hamri. Kwamba nilikuwa na kapu, nikausukuma mlango kwa nyonga, sikutazama. Nilisema kwa haraka, kwa sauti ndogo, nikitazama kucha za miguu yangu.

Mama alimwachilia Mbwana. Kisha akaniuliza, "Na nani aliyemfungua?"

"Mimi."

"Sema vizuri, wasikie."

"Mimi, Mama."

"Basi umesema yote mawili," alisema. "Njoo hapa." Nami nikaenda, nikalia kifuani kwake mpaka nikachoka.

Fundi Omari aliitwa kesho yake kubadilisha mpini. Mama alimngoja amesimama mlangoni, mikono kiunoni, nami nilikuwa nyuma yake.

"Omari, ulizungusha kitu kwenye mlango huu. Ulisema ni nini?"

"Kifungo cha watoto, Bi Saumu."

"Cha kuwafanya nini watoto?"

Fundi alishangaa. "Kuwalinda. Kikiwekwa, mlango haushiki hata usukumwe vipi. Mtoto akiingia hawezi kufungiwa. Yule bibi alikiweka kwa ajili ya wajukuu zake."

Nilihisi neno lile likigeuka kichwani mwangu, polepole, kama nguo inayopinduliwa kutoka ndani kwenda nje. Hakukuwa na mfungwa. Kilichofungwa ni mlango, usije ukamshika mtoto. Na mchoro ule wa nywele tatu ulikuwa wa mtoto anayelindwa, mtoto ambaye mtu wa mbali, asiyetujua, aliyeitengeneza mashine ile, alimfikiria kabla hajazaliwa.

"Uliniambia maneno matatu," Mama alisema, "ukakitoa, ukaenda zako. Na mimi sikuuliza. Mwanangu huyu ndiye aliyeyaokota, akayafahamu kwa akili ya miaka minane. Karibu tuzike."

Fundi Omari aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mwema. Macho yake yalijaa machozi. "Nimekosa, Bi Saumu. Na hiyo kamba, nilidhani nakuonyesha wewe."

"Mimi nilikuwa natazama vitufe," Mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu jana akacheka.

Ningeweza kuishia hapo, lakini sehemu ninayoipenda bado haijafika. Miaka ile mashine za mitumba zilikuwa zimeanza kuingia mtaani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na nyumba zote zilikuwa na watoto wadogo. Mama aliamua kuwa jambo lile halitatokea kwa mwingine kwa kukosa maneno. Ijumaa baada ya sala ya alasiri aliwaita majirani wote kwetu. Walikuja kina mama wa Kiislamu na mabuibui yao, wakaja kina mama wa Kikristo wa kwa Baba Kadzo, akaja Fundi Omari akasimama nyuma kabisa na kofia mkononi. Chumba kikajaa, baraza likajaa, watoto wakapanda madirishani. Nilidhani Mama ndiye atakayesema. Badala yake akaweka kigoda mbele ya mashine, akanipandisha juu yake, akarudi nyuma akakaa sakafuni pamoja na wenzake.

Nikaanza. Niliwaambia kwanza, kabla ya kuugusa mlango, tazama ndani. Piga mkono ndani, zungusha, hakikisha. Nikawaambia ukimaliza kufua, zungusha kile kifungo, mlango ulale wazi usishike. Nikawaonyesha swichi ukutani, kisha kijimlango, kisha kamba. "Msiivute kwa woga," niliwaambia, na nikamwona Fundi Omari kule nyuma akitabasamu huku ametazama chini.

Nikamwita Baba Kadzo ajaribu. Watu walicheka. Jitu lile lililala kifudifudi, tumbo likamzuia, akajipinda, akaingiza mkono, akavuta. Hakikutokea kitu. Akavuta tena, akatoka jasho. "Kaza, Baba Kadzo," nikamwambia, "kamba haikatiki." Mara ya tatu ikasema tk na mlango ukamgonga kisogoni. Bibi alipiga vigelegele vilivyowaamsha kuku. Wakafuata wote, mmoja mmoja, mpaka wale waliosema kuwa wao ni wazee mno kulala chini. Hakuna aliyeondoka bila kuufungua.

Alibaki mmoja. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, amempakata Mbwana, akisubiri zamu yake kama wengine. Katika nyumba zetu, akiitwa na mkubwa wake, mtoto wa kike huitikia abee. Mtoto ndiye huitikia. Sijawahi kusikia kinyume chake kabla ya siku ile, wala baada yake. Nilijiweka sawa juu ya kigoda changu, nikaita kwa sauti ya kutosha chumba kizima:

"Mama!"

Akasimama mbele ya majirani wote, akajifunga leso vizuri kiunoni, akasema, "Abee, mwalimu."